Jibu: Kilo ya dukani na nyutoni ya darasani

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini mwalimu alikukata maksi ulipoandika "uzito wa mfuko wa sukari ni kilo 1", wakati dukani kila mtu anasema hivyohivyo. Dukani hakuna kosa. Kwenye fizikia, kilo hupima tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo, na hicho ni kipimo cha msingi: hakijengwi na kingine. Wenzake ni urefu (meta), muda (sekunde), mkondo wa umeme (ampea), halijoto (kelvini), kiasi cha dutu (moli) na ukali wa mwanga (kandela). Saba tu, basi.

Uzito ni kani ya dunia inayouvuta huo mfuko, kwa hiyo unaundwa: tungamo mara mchapuko, yaani kasi inavyoongezeka kila sekunde kitu kinapoanguka (hapa duniani ni 9.8). Kilo 1 mara 9.8, unapata nyutoni 9.8 (nyutoni ndiyo kipimo cha kani). Ukiifungua nyutoni, ndani unakuta kilo mara meta, gawanya kwa sekunde mara sekunde. Upeleke mfuko Mwezini, nyutoni zinashuka hadi kama 1.6, na sukari ni ileile.

Tena kinachonifurahisha, mizani ya mawe ya sokoni ingesoma kilo 1 hata huko, maana jiwe nalo limepungua uzito kwa kiasi kilekile. Ile ya springi ndiyo ingekudanganya.

Halafu chunga chaji ya umeme kwenye mtihani. Wengi huiweka kwenye vya msingi, kumbe kulombu, kipimo chake, ni ampea mara sekunde.