Barua kwa mwanangu: kumwombea Rais usiyekubaliana naye

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Umeniuliza kama ulitenda dhambi Jumapili ile mchungaji wenu huko Nairobi alipowataka waumini wasimame na kunyosha mikono kumwombea Rais, nawe ukabaki umeketi kwa sababu ya vijana waliouawa Juni 2024 katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Habari ya kusimama na kuketi nitaifikia. Kinachonishughulisha zaidi ni maneno yaliyotamkwa na hao waliosimama, kwa maana hukuniandikia hata neno moja walilomwomba Mungu, na kwangu mimi hapo ndipo penye uzito.

Katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, tumeagizwa kufanya dua, sala, maombezi na shukrani kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka. Wengi husoma hadi hapo wakafunga kitabu, ilhali aya inaendelea na kutaja sababu yake, nayo ni kwamba sisi tupate kuishi maisha ya utulivu na amani. Anayetajwa katika maombi ni mfalme, lakini anayetafutiwa nafuu ni mwananchi. Isitoshe, kanisa lililopokea agizo hilo liliishi chini ya utawala wa Rumi, ambao wakati wa Nero uliwaua Wakristo, wala hakuna aliyedhani kwamba kumtaja Kaisari mbele za Mungu ni kumsifu. Ndiyo sababu nimewaambia ninyi nyote tangu mkiwa wadogo kwamba kumwombea mtu si kumpigia kura.

Kisa cha babu yako na mlolongo wa 1988, ile kura ya kupanga mstari badala ya karatasi ya siri, unakijua, ila unakijua kama anavyokisimulia mjomba wako, ambaye hukikomesha kwenye hesabu. Mimi kilichonikaa moyoni ni Jumapili iliyofuata.

Viongozi wa makanisa walikuwa wamepinga utaratibu huo tangu 1986, lakini Februari 1988 tukapangwa mistari hadharani nyuma ya wagombea, na sheria ya KANU, chama pekee cha wakati huo, ikasema kwamba atakayepata asilimia 70 amekwisha kuwa mbunge. Babu yako alikuwa wakala wa mgombea mmoja hapa Kisauni. Alitembea kando ya ule mstari akimgusa kila mtu begani na kuhesabu kwa sauti, kutoka penye meza ya msimamizi, kuupita mwarobaini, hadi ulipojikunja kwenye ua wa shule. Mstari wa pili haukuufikia hata huo mwarobaini. Jioni akatangazwa mwenye mstari mfupi.

Jumapili ikawa zamu yake ya kuongoza maombezi. Nilimwona akikunjua karatasi aliyoiandika kwa wino wa buluu, akawaombea wagonjwa, akawaombea mabaharia, kisha akafika kwa mbunge mpya, akanyamaza kitambo. Akamtaja kwa jina lake kamili. Akasema, “Bwana, kama ulivyomnyima mfalme Ahasuero usingizi hata akaletewa kitabu cha kumbukumbu kikasomwa mbele yake, umnyime na huyu mtumishi wako, mpaka akumbuke lililo haki. Bwana, kwa rehema zako.” Kanisa zima lilipaswa kuitikia, “Usikie maombi yetu.” Tulioitikia tulikuwa mimi na nyanya yako. Watu walitazama sakafu. Baada ya ibada hakuna aliyefuatana naye njiani kama ilivyokuwa desturi, na jina lake likaondolewa kwenye orodha ya zamu, akaambiwa kwa upole kwamba siasa haifai madhabahuni. Yule aliyemwambia hivyo alikuwa amesimama katika ule mstari mrefu, na bega lake liliguswa. Mpaka leo nikikumbuka hilo, koo hunikauka.

Nimejiuliza mara nyingi kama ile ilikuwa sala kweli, au alikuwa akimpiga mtu kwa jina la Mungu huku yeye hayupo kujitetea. Kuna siku nasema ilikuwa na mwiba, na mwiba si maombezi. Halafu namkumbuka Samweli, ambaye Sauli alipoasi alikasirika, na bado akamlilia Bwana usiku kucha, maana hasira na maombi vinaweza kukaa katika kifua kimoja. Tena nilimsikia babu yako nyumbani, mahali ambapo hakukuwa na wa kumsikiliza isipokuwa sisi, akimtaja mtu yule yule kila usiku kabla ya kulala, na mtoto wa yule mbunge alipolazwa hospitali akamwombea uzima bila kuongeza neno jingine. Mtu mwenye chuki hafanyi hivyo, nami nitarudia kwamba kumwombea mtu si kumpigia kura, wala si kumsamehe kwa niaba ya waliofiwa.

Sasa wewe uliketi. Ulimi unaniwasha kukupa jibu, na ndugu zako wangekuambia kwamba si kawaida yangu kulizuia, lakini mimi sikuwa ndani ya kanisa hilo, na sijui kama sala iliyosomwa ilikuwa maombezi au shukrani kwa mgeni aliyeketi mstari wa mbele. Niandikie maneno yenyewe ndipo niseme.

Hapa kwetu, katika ushirika wetu wa akina mama wa Jumatano, mimi humtaja Rais kwa jina. Namwombea afya, kwa sababu ana watoto. Namwombea washauri wasiomwogopa. Kisha namwombea usiku mmoja asipate usingizi, asomewe majina ya vijana wale mmoja mmoja, na kesho yake awaite wazazi wao awasikilize, na waliofyatua risasi wafikishwe mahakamani.

Mama yako