Bei ya Zabibu Ambayo Sikuiuliza

Juzi dada mmoja anayesomea uandishi wa habari hapa Dodoma aliniandikia: "Kaka, nifanyeje habari zangu zitokee ukurasa wa kwanza wa Google?" Nimekaa na ujumbe huo siku mbili, maana swali hilo ndilo lililoniharibia kalamu.

Nilikuwa naripotia tovuti moja ya habari. Kila asubuhi mhariri alitutumia kwenye kundi la WhatsApp maneno yanayotafutwa sana: matokeo ya darasa la saba, nafasi za kazi, bei ya mahindi. Kazi yetu ilikuwa kuyatafutia habari ya kuyavalisha. Msimu mmoja wa zabibu nikaenda Hombolo. Nilimkuta mzee ameketi kando ya kreti zake, zabibu za chini zimeanza kuvuja maji, nyuki wamezizingira, na mnunuzi aliyeahidi kuja hajaonekana siku ya tatu. Nikaandika hayo. Habari ilipotoka, kichwa kilisomeka "Bei ya Zabibu Dodoma Leo". Maneno hayo yalikuwa yamerudiwa mara tisa, na yule mzee kasukumwa hadi aya ya mwisho. Bei yenyewe haikuwemo. Sikuwa nimeiuliza.

Wasomaji walimiminika. Nikapongezwa, na nilifurahi, siwezi kuficha. Jioni mkulima wa Mpunguzi akanipigia simu. "Mwanangu, nimenunua bando, nimesoma mpaka chini. Bei iko wapi? Dalali yuko hapa shambani ananisubiri." Nilikosa la kumjibu. Sauti ile inaniuma mpaka leo.

Sasa sikia, dada yangu. Wahariri wanaohesabu maneno wanasingizia Google. Septemba 2009 Google ilieleza wazi kwamba yale maneno muhimu yanayofichwa kwenye msimbo wa ukurasa, mahali msomaji asipopaona, haiyatumii kupanga matokeo. Februari 2011 ikaleta badiliko liitwalo Panda, la kuzishusha tovuti zinazofyatua makala nyepesi. Agosti 2022 ikaleta jingine la kuzipandisha makala zilizoandikwa kwa ajili ya watu. Kwa hiyo neno analolitafuta msomaji liweke kwenye kichwa, ila aya ya kwanza impe jibu. Taja kijiji. Taja tarehe uliyoulizia bei. Kama hukuuliza, usimwite msomaji kwa kichwa cha bei.

Nilipoacha kazi ile nilikwenda soko la nafaka la Kibaigwa, nikasimama kwenye mizani tangu alfajiri. Niliandika bei kwa kilo, nikaeleza jinsi lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, inavyomnyonya mkulima anayeuza kwa gunia bila kupima. Hakuna neno nililolirudia kwa makusudi. Habari ile bado inaletewa wasomaji na Google, na kila nikiiona naona fahari.

Namba ya yule mkulima wa Mpunguzi ninayo. Msimu wa zabibu ukifika humpigia kwanza, nikamsomea bei nilizokusanya, ndipo nikae kuandika kichwa.