Kiendelezi cha akaunti ya mteja: anza na tokeni, vitufe baadaye

Ukianza kutengeneza viendelezi vya akaunti ya mteja kwenye Shopify (jukwaa la maduka ya mtandaoni), yaani vipande vya programu yako vinavyoonekana ndani ya kurasa za akaunti ya mnunuzi, jiulize kwanza: anayetazama ukurasa huu ni nani, na seva yako imejuaje?

Ukurasa wa hali ya oda unaweza kufunguliwa na mtu ambaye hajaingia kwenye akaunti. Kwa hiyo kila kiendelezi kinapoita seva yako, kichukue tokeni mpya ya kipindi (kithibitisho kilichotiwa saini na Shopify), maana huisha muda haraka, na kuituma kwenye kichwa cha ombi kiitwacho `Authorization`. Seva ihakiki saini kwa ufunguo wa siri wa programu yako, ikague `aud` (programu iliyokusudiwa) na `exp` (muda wa kuisha), ndipo isome `sub`, kilipo kitambulisho cha mteja. `sub` hukosekana kama mteja hajaingia, au kama programu haijapewa ruhusa ya kusoma data za wateja. Usiache kiendelezi kianguke kwa sababu hiyo. Mwombe mteja aingie.

Kitambulisho cha mteja kilichotumwa ndani ya ombi lenyewe usikiamini hata kidogo, kwani yeyote anaweza kukibadilisha. Na hata `sub` ikiwepo, hakikisha oda inayoombwa ni ya mteja huyohuyo. Ukaguzi huu husahaulika sana, na anwani na namba za simu za watu huvujia hapo.

Ombi likikataliwa na kivinjari ilhali seva ni nzima, kagua `network_access = true` kwenye faili ya mipangilio ya kiendelezi, `shopify.extension.toml`, kisha majibu ya seva, likiwemo la `OPTIONS` (ombi la awali ambalo kivinjari hutuma kuuliza ruhusa): yawe na `Access-Control-Allow-Origin: *`, yaani kuruhusu maombi kutoka asili yoyote. Usiogope nyota hiyo. Msimbo wako unaendeshwa ndani ya Web Worker, sehemu ya kivinjari iliyotengwa na ukurasa, na ulinzi unabebwa na tokeni.

Humo ndani hufikii DOM ya ukurasa (muundo wa vipengele vyake) wala hutumii CSS yako. Unatumia vijenzi vya Shopify tu. Kuanzia toleo 2025-10 la API ya Shopify faili iliyokusanywa isizidi KB 64, hivyo maktaba nzito ya tarehe iache, tumia `Intl` iliyomo tayari kwenye JavaScript.

Kiendelezi cha aina ya bloku, yaani kinachopangwa mahali na mwenye duka, hakitaonekana dukani mpaka akiweke mwenyewe kwenye kihariri cha kurasa cha Shopify. Akaunti za mfumo wa zamani hazikipokei kabisa.

Kabla ya kukitoa, jaribu kama mteja aliyeingia, kama mgeni asiyeingia, kisha kama mteja anayeomba oda ya mwenzake. Huyo wa mwisho apate 404 (jibu la "haipatikani") bila data yoyote.