Bumu na Matangazo: Kupiga Hesabu ya Urahisi Ukiwa Mwanafunzi Tabora

Wiki ya bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo inapoingia, gari la matangazo hupita Ng'ambo, likarudi Isevya, likaishia stendi, na statusi za WhatsApp zote ni ofa. Simu kwa kianzio kidogo, mtungi wa gesi na jiko lake, mkopo ndani ya dakika tano. Vingi kati ya hivyo vinasaidia kweli, na sioni sababu ya mwanafunzi kukaa na moshi wa mkaa eti kwa sababu anachukia matangazo. Ila tangazo hukupa bei ya siku ya kwanza. Bei ya siku ya mwisho huipati usipokaa na kalamu.

Kipimo kizuri tunacho tayari. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo chuo kikuu hupata hadi Sh 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, kiwango kilichopanda kutoka Sh 8,500 mwaka wa masomo 2022/23. Kila ofa igeuze iwe siku za bumu.

Chukua simu ya mkopo. Tuseme kianzio ni Sh 60,000 na marejesho ni Sh 1,500 kwa siku kwa mwaka mzima. Siku 365 mara 1,500 ni 547,500. Ongeza kianzio, unafika 607,500. Hizo ni siku 60 na ushee za kula na kulala. Sasa ulizia simu ileile kwa taslimu. Ikiwa dukani ni 350,000, hiyo 257,500 iliyozidi unailipia kutosubiri tu. Ukianza na 60,000 yako na kuweka 1,500 ileile kila siku, unaifikia bei ya taslimu kwa miezi sita na nusu hivi. Kama una simu inayowaka na kufungua PDF, subiri. Kama huna kabisa na masomo yanakwama, mkopo una maana, lakini uliza mambo matatu kabla ya kusaini: likizo ndefu, ambapo bumu haliingii, marejesho yanaendelea? Ukichelewa siku moja simu inafungwa saa ngapi? Ukimaliza mapema unapunguziwa? Kufuli la simu hizi huwekwa kwenye mfumo wenyewe na huendana na IMEI, namba inayotambulisha kila simu, ndiyo maana kufuta kila kitu na kuanza upya hakusaidii. Kwa sababu hiyohiyo, usinunue simu iliyotumika kutoka kwa mtu bila kuona uthibitisho kwamba deni limekwisha. Inaweza kufanya kazi leo na kufungwa mwezi ujao.

Gesi ni jambo lingine, na hapa tangazo huwa limesema kweli zaidi ya tunavyodhani. Mtungi wa kilo 6 wenye jiko la kupachika juu hula takriban gramu 150 hadi 200 kwa saa ukiwa moto wa juu. Hiyo ni saa 30 hadi 40 za kupika. Kwa saa moja kwa siku, unakaa nao mwezi mmoja na zaidi kidogo. Kama kujaza ni Sh 25,000 na unakaa siku 35, ni kama Sh 715 kwa siku. Linganisha na fungu la mkaa unalonunua kila jioni. Wawili wakichanga chumba kimoja, hesabu inapendeza zaidi. Kinachoharibu ni maharage makavu, yanayoweza kukaa jikoni saa mbili nzima. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, pika na mfuniko, kisha punguza moto yakianza kuchemka.

Unapojaza, omba mtungi upimwe kwenye mizani mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma cha juu. Ukisoma 7.2, mtungi uliojaa lazima ufike 13.2. Ukipungua, urudishe hapohapo, maana ukishaupeleka geto, chumbani kwako, huna ushahidi. Ukifunga jiko, paka povu la sabuni kwenye maungio na utazame kama linatoa mapovu mapya. Kiberiti hakipimi uvujaji. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutulia sakafuni, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi, fungua na mlango. Na mkaa usiingizwe chumbani ukalala nao, hata kwenye baridi ya Juni. Hewa yake ya sumu haina harufu na inaua.

Heta na jiko la koili yana mtego wa nyumba za kupanga. Kuchemsha lita moja ya maji hula karibu sehemu ya kumi ya uniti, si tatizo. Koili ya wati 1,000 ikiwaka saa moja ni uniti nzima. Nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo ikivuka uniti 75 kwa mwezi, bei ya uniti zinazozidi huruka zaidi ya mara mbili, na wapangaji wote mnaochangia mita moja ya LUKU mnaumia. Mkubaliane mapema nani anapikia umeme, la sivyo ugomvi unakuja.

Bando nalo ligawanye kwa ulichotumia. GB 1 ya saa 24 kwa Sh 2,000, ukitumia MB 300 tu kabla muda haujaisha, GB hiyo umeilipia kama 6,700. Halafu kuna hili ambalo wengi hawalihesabu: tangazo la video unalitazama kwa bando lako mwenyewe. Sekunde 30 kwa ubora wa 480p ni takriban MB 4. Ishirini kwa siku ni MB 80, mwezi ni GB 2.4. Washa kiokoa data cha simu, shusha ubora wa video, na ndani ya WhatsApp zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha. Kwenye Android, ingia Mipangilio, Google, Matangazo, ufute kitambulisho cha matangazo. Matangazo hayataisha, ila yatapunguza kukufuatafuata.

Chakula cha kuletewa na boda sina mengi ya kusema. Mji wetu ni tambarare, baiskeli inafika.

Vifungashio vidogo soma gramu, usisome picha. Bei gawanya kwa gramu, kwa kikubwa na kwa kidogo. Mara nyingi kikubwa ni nafuu, si mara zote, na kuna bidhaa zinazobaki na bei ileile huku gramu zikipungua kimyakimya.

Mikopo ya mtandaoni, ile tunayoiita kausha damu, ikwepe. Ukiomba 20,000, ukapokea 15,000 na kudaiwa 20,000 baada ya siku saba, umelipa theluthi ya ulichopata kwa wiki moja. Programu ikitaka kusoma majina ya simu yako, kataa na uifute. Inayataka ili siku ukichelewa iwatumie ujumbe mama yako na mwalimu wako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zinazokopesha bila kibali, kwa hiyo hakikisha leseni kwanza.

Ukiona ofa uliyoipenda, piga picha ya skrini yenye bei na tarehe kabla ya kulipa, dai risiti, itunze. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Ujumbe wa kitapeli wa "tuma kwenye namba hii" upeleke 15040, kisha piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda nayo duka la mtandao husika ikafutwe.