Bakodi Si Kufuli: kwa Unayeanza Kazi ya Alama za Biashara

Mteja atakaa mbele yako, ataweka boksi la bidhaa yake mezani, atagonga kidole kwenye ile mistari myeusi na kusema, "Hii tayari imelindwa." Usicheke. Mimi niliposikia maneno hayo mara ya kwanza niliitikia kwa kichwa, maana hata mimi nilidhani hivyohivyo.

Jioni yake mwenzangu aliyenitangulia kazini alinipa penseli, akaniambia niandike tarakimu 12 nizitakazo, mradi nianze na 20, kwa kuwa namba zinazoanza na 20 hadi 29 zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya maduka na hazitagongana na bidhaa ya mtu. Nikaandika 200123456789. Akanielekeza nijumlishe ya kwanza, ya tatu, ya tano, hivyo hivyo mpaka ya kumi na moja: nikapata 22. Zilizobaki zikawa 25, mara tatu ni 75. Jumla 97. Ili kufikia 100 zinapungua 3, basi 3 ikawa tarakimu ya kumi na tatu, ile ya ukaguzi. Akachapa mistari, akapitisha skana. Ikalia piip. "Imekuuliza wewe ni nani?" Haikuniuliza.

Ukielewa piip hiyo umeielewa nusu ya kazi. Skana husoma namba tu. Jina na bei zimo kwenye kompyuta ya duka. Kwa hiyo anayeghushi bidhaa, akinakili kifungashio pamoja na mistari yake, bidhaa yake bandia itapita kaunta ikiitwa jina la halali na kutozwa bei ya halali. Niliwahi kuwekewa mezani pakiti mbili, ya kweli na ya bandia. Nilipozipitisha kwenye skana zote mbili zilitoa jibu moja. Tofauti ilionekana kwenye gundi ya mfuniko.

Namba zenyewe si mali ya mteja. Shirika la GS1, lenye makao makuu Brussels, hugawa namba kupitia mashirika wanachama wake, na kampuni hupewa leseni ya kutumia kiambishi chake, yaani tarakimu zinazoanza namba zake zote, mara nyingi kwa ada ya kila mwaka. Tarakimu za mwanzo huonyesha shirika mwanachama lililotoa namba, si nchi bidhaa ilikotengenezwa, ingawa utakutana na watu wazima wanaobishana kwa hasira kuhusu hilo. Vitabu huanza na 978 au 979, majarida 977. Hapo utaona wazi kwamba tarakimu hizo hazitaji nchi.

Tahadhari na wauza namba za rejareja. Wengi wanagawa vipande vya viambishi vya zamani vilivyosajiliwa kwa jina la kampuni nyingine, na bei yao ni ya kuvutia. Skana itazisoma bila shida. Lakini masoko makubwa ya mtandaoni, Amazon likiwemo, hulinganisha namba na hifadhidata ya GS1, na jina lisipolingana bidhaa inaweza kukataliwa. Mteja anayependa rahisi mwambie hilo mapema, na umwambie pia kwamba tangu mwaka 2019 kanuni za GS1 haziruhusu namba ya bidhaa iliyokwisha kuondolewa sokoni kupewa bidhaa nyingine.

Watu huuliza: kwani mistari yenyewe haina mwenyewe? Ilikuwa naye. Norman Joseph Woodland na Bernard Silver walipewa hataza ya Marekani, yaani haki ya muda ya kumiliki uvumbuzi, mwaka 1952, na mchoro wao maarufu ulikuwa wa duara ndani ya duara. Hataza ikaisha muda mwaka 1969. Pakiti ya chingamu ilipopitishwa kwenye skana ya supamaketi huko Troy, Ohio, tarehe 26 Juni 1974, ya kwanza kuuzwa kwa msimbo wa aina inayotumika leo, wazo la awali lilikuwa limeshaingia mikononi mwa umma miaka mitano nyuma.

Msimbo wa QR unafundisha vizuri zaidi. Kampuni ya Denso Wave ya Japani iliutoa mwaka 1994, ikawa na hataza, ila ikatangaza kwamba haitaitumia kuwazuia watu. Jina "QR Code" lakini ni alama yao ya biashara iliyosajiliwa. Kitu kimoja, haki mbili: ya kuuchora waliiacha wazi, ya jina wakaishika. Mimi mteja akinichanganyia hataza na alama ya biashara, mfano wangu ni huo.

Basi kinacholindwa ni jina, nembo, na sura ya kifungashio. Hapa ndipo niliharibu. Mteja mmoja alikuwa na haraka, wachapaji wanamsubiri, nikamwambia msako wa jina kwenye daftari la usajili unaweza kufuata baadaye. Maboksi yakachapwa. Jina likakutwa limesajiliwa na mwingine, katika daraja lilelile, yaani kundi lilelile la bidhaa. Akabuni jina jipya, akaagiza stika za kufunika la zamani, na stika ikala ukingo wa bakodi. Skana ikagoma, kwa sababu msimbo wa tarakimu 13 unahitaji nafasi tupu pembeni, kushoto upana wa mistari myembamba 11 na kulia 7. Tulikaa tunakata stika kwa mkasi, moja moja. Sikumtoza ada ya usajili wa pili.

Tangu siku hiyo utaratibu wangu ni huu: kwanza msako, pili ombi la usajili, tatu namba za bakodi, mwisho uchapaji. Kwenye ombi chagua daraja kwa makini. Mfumo wa Nice, wa kimataifa wa kupanga bidhaa na huduma, una madaraja 45, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma, na usajili wa sabuni haukulindi kwenye vinywaji isipokuwa jina limekuwa mashuhuri kweli. Jina linaloeleza tu bidhaa ilivyo, kama "Tamu" kwa sukari, msajili atalirudisha. Ulinzi huishia mpakani. Anayeuza nchi kadhaa aulizie Mfumo wa Madrid, ambao kwa ombi moja hufikia nchi wanachama anazozitaja. Usajili kwa kawaida hudumu miaka 10, kisha unahuishwa. Na usiruhusu alama ya ®, inayosema jina limesajiliwa, ichapwe kabla cheti hakijatoka, katika nchi nyingi ni kosa kisheria.

Muulize pia nani alichora kifungashio. Mara nyingi ni kijana aliyelipwa kwa kazi moja bila mkataba wowote, na katika nchi nyingi hakimiliki ya mchoro hubaki kwake mpaka aihamishe kwa maandishi. Karatasi moja yenye sahihi yake inatosha, na ni rahisi kuipata kabla bidhaa haijapata umaarufu.

Mteja akisisitiza kwamba anataka msimbo unaotambua bidhaa bandia, anachotaka ni namba ya kipekee kwa kila pakiti, tofauti na bakodi ya kawaida ambayo ni moja kwa pakiti zote za aina ile. Umoja wa Ulaya umelazimisha hilo kwa dawa nyingi za kuandikiwa na daktari tangu tarehe 9 Februari 2019: kila boksi lina namba yake ndani ya msimbo wa vidoti, na mfamasia huihakiki kwenye mfumo kabla ya kukabidhi dawa. Ni gharama. Kwa anayeanza na maboksi mia mbili huwa namshauri fedha hiyo aiweke kwenye usajili wa jina.