Anza na godoro

SWALI: Mama, mara sita nimeanza kuandika usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka tukakimbilia Sake. Nikifika ukurasa wa pili nakwama: volkano, vita, jamaa, mji mzima. Nifanye nini?
Msomaji, Birere, Goma

JIBU: Mdogo wangu, unataka kupakia Goma yote kwenye chukudu moja, kile kigari cha mbao cha mizigo. Mimi nilikwama miezi mingi na habari ya lava ya Januari 2002, ile iliyokata katikati ya mji hadi ziwani. Nilifunguka siku niliyojiambia: leo naandika godoro tu. Nani alilibeba, lilikuwa na rangi gani, lilituangukia wapi. Mistari minane. Kesho yake, sufuria ya maharagwe tuliyoiacha motoni. Vita vikaningoja.

Basi leo chagua kitu kimoja mlichobeba hadi Sake, ukiandike kwa dakika 20, hata kama umeme umekatika na una mshumaa tu. Usirudie kusoma ya jana. Huko ndiko mimi nilikopotelea. Ukiacha, acha katikati ya sentensi, kesho utajua pa kushika.

Kisha niandikie: mlibeba nini?