Komande zimenizidi: nifunge orodha au niendelee kupokea?

SWALI

Yaya, jambo sana. Niko Bel-Air, hapa Lubumbashi. Ninauza likidi ya sigara ya umeme kwenye WhatsApp. Besi (ule mchanganyiko wa gliserini na propilini glikoli usio na ladha) na nikotini ninaagiza, ladha ninachanganya mwenyewe nyumbani Jumamosi na Jumapili. Mikono yangu inatoa chupa 40 kwa wiki, za mililita 60, na wakiliya wa zamani zilikuwa zinawatosha. Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja alituma picha ya chupa zangu kwenye grupu la wenzake wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na wiki ileile nikapata komande 110. Nilipokea zote, pesa pia. Sasa wa zamani wanasema nimebadilika, wapya wananiuliza kila saa "chupa yangu iko wapi?", na kaka yangu anashauri niongeze tu besi ili zitoshe. Nikiweka kikomo, si watahamia kwa wale wanaouza puff, sigara za umeme za kutupwa, barabarani?

Msomaji wa Bel-Air

JIBU

Mdogo wangu, kikomo weka, tena wiki hii. Lakini anza na deni. Chupa 70 umezilipwa na hazipo. Mwandikie kila mmoja peke yake, umpe njia mbili: asubiri mpaka tarehe utakayomtajia, au umrudishie pesa yake leo kwa Airtel Money, M-Pesa au Orange Money, na gharama ya kutuma uibebe wewe. Usimtajie tarehe ya kumpendeza. Mtajie ile ambayo chupa itakuwa imeiva kweli. Watakaochagua pesa, warudishie kabla hujachanganya tone lingine.

Sasa kikomo chenyewe. Wewe unahesabu chupa ambazo mikono inaweza kujaza, na hapo ndipo hesabu inapokupotosha. Likidi ya embe au nanasi ikilala siku chache gizani inakubali kuvutwa, lakini ile ya tumbaku au ya kastadi inataka wiki mbili, tatu, hata nne ndipo ladha zishikane. Ukichanganya Jumapili na kutuma Jumatatu, kiliya anapata harufu kali ya ladha mbichi na kusema umebadilika. Ana haki! Kwa hiyo kikomo cha wiki ni idadi ya chupa zilizokwisha kuiva kwenye rafu yako, ukitoa chache za akiba kwa zile zitakazovuja njiani kwenye pikipiki ya taksi-moto. Kama rafuni ziko 33, unauza 30. Ya 31 inasubiri, hata akiomba rafiki wa utotoni.

Mama yangu aliuza munkoyo, kinywaji cha mahindi na mzizi, kule Katuba. Watu walikuja na madumu yao, na pipa lilipofika chini aliwaambia warudi kesho. Hakuwahi kuchota lile la usiku ambalo mzizi haujalifanyia kazi yake. Nilikuwa mtoto na nilikasirika kuona pesa inaondoka hivyo, lakini kesho yake walirudi, tena mapema kuliko jana.

Nisikufiche, ladha siyo inayonihangaisha zaidi katika barua yako. Ni mkono uliochoka unaopima nikotini. Piga hesabu nami. Kama nikotini yako ni ya miligramu 100 kwa mililita, chupa ya mililita 60 ya nguvu ya 3, yaani miligramu 3 kwa mililita, inataka mililita 1.8, na ya nguvu ya 6 inataka 3.6. Hakuna hata kimoja kinachojaza kijiko cha chai. Saa sita za usiku, umeme umekatika, unamulika kwa simu, chupa ya 110 iko mbele yako: ukibadilisha sirinji tu, mtu amepata mara mbili ya aliyoomba. Atasikia kizunguzungu, moyo utamwenda mbio, labda atapike. Na wewe mwenyewe, nikotini nzito hupita kwenye ngozi, kwa hiyo glavu hazivuliwi kwa sababu ya haraka. Chupa 40 za wiki, mchana wenye mwanga, ukiwa umekula, ndiyo kazi. Zaidi ya hapo usikubali.

Shauri la kaka yako likatae kwa heshima. Ukiongeza besi, nguvu inashuka, ladha inashuka, na etiketi inakuwa uongo. Tena njia hiyo ikianza haiishii kwenye besi. Marekani mwaka 2019 wauzaji wa katriji za bangi walitaka kurefusha mali yao, wakachanganya mafuta ya asetati ya vitamini E. Hadi Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufa kwa mapafu kuharibika, na 68 kati yao walikufa. Likidi yako siyo ile, najua. Lakini siku mzigo ukikwama mpakani Kasumbalesa na besi ikaisha, usiguse mafuta yoyote ya jikoni, wala ladha ya keki iliyotengenezwa kwa mafuta. Mafuta tumboni ni chakula. Kwenye mapafu ni ugonjwa. Siku hiyo andika tu: "Besi imekwisha, orodha imefungwa."

Jinsi ya kufunga. Kuna watengenezaji wadogo wa Ulaya na Marekani wanaofungua komande siku chache, wakafunga, wakatengeneza, wakatuma, ndipo wakafungua tena. Fanya hivyo kwa namna yetu. Ijumaa asubuhi tuma habari kwa wakiliya wa zamani peke yao, kwa orodha ya kutangazia ya WhatsApp. Ile orodha inabeba watu 256, na inamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako, jambo ambalo ni zuri kwako: asiyekuhifadhi bado ni mpita njia. Wape mpaka Jumamosi asubuhi. Zikibaki, weka kwenye stetasi kwa wapya. Na pesa isitumwe mpaka wewe umejibu kwa mkono wako: "Imekubaliwa, chupa mbili." Mtu akituma kabla, mrudishie siku hiyohiyo.

Nimesema mbili, na namaanisha mbili kwa kila mtu. Anayetaka kumi hanunui za kuvuta. Atazipeleka soko la Kenya hapa Lubumbashi, azipandishe bei, na hutajua zimefika kwa nani. Sheria yetu ya Januari 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na picha yako ikizunguka UNILU, kesho itakuwa kwenye simu za wanafunzi wa sekondari. Usiyemjua umri usimwuzie. Weka vifuniko ambavyo mtoto hawezi kufungua. Ulaya tangu Mei 2016 hawaruhusu chupa ya likidi yenye nikotini kupita mililita 10, wala nguvu kupita miligramu 20 kwa mililita. Hapa hakuna atakayekuja nyumbani kwako kukupimia, lakini mimi ningeanza kujaza chupa ndogo kesho.

Unauliza watahamia? Wengine, ndiyo. Waache. Ila nikuulize na mimi: unajuaje kwamba walikuwa wako? Nikotini inamrudisha mtu yenyewe, hata kwa muuzaji mbaya. Kiliya anayerudi kwa sababu mwili unamdai bado hajakuchagua. Yule anayesikia "imefungwa mpaka Ijumaa" na akasubiri, huyo amekuchagua, na kabla ya kuweka kikomo huna njia ya kumtambua.

Huyo mtunze. Kumpunguzia bei sikushauri, maana kesho atauliza kwa nini ile ya jana ilikuwa ghali. Mtunzie chupa yake. Andika kwenye daftari anachovuta, nguvu gani, na siku aliyochukua, ili ukiona siku zake zimekaribia umwulize kabla hajauliza. Na ladha yake ya Juni iwe ileile ya Machi. Kwa hilo acha kupima kwa jicho, nunua mizani na uandike kila resepi kwa gramu: mililita 100 za gliserini ya mimea zina uzito wa gramu 126 hivi, za propilini glikoli 104 hivi, na ukizichukulia sawa kila mchanganyiko utatoka tofauti. Tarehe ya kuchanganya iandike kwenye etiketi. Kiliya anayeona tarehe haulizi tena kama imeiva.

SWALI

Yaya, mimi ni kiliya, niko Kamalondo. Niliacha sigara, nikaingia kwenye likidi ya nguvu ya 12, nimeshuka mpaka 3. Muuzaji wangu ananitunzia chupa mbili kila mwezi. Nataka kufika sifuri, lakini naona haya kumwambia, asije akafikiri ninamkimbia.

Msomaji wa Kamalondo

JIBU

Mwambie, kaka, na umwambie kwa furaha. Kutoka 12 mpaka 3 si jambo dogo, nakupongeza kwa moyo wote. Likidi ya sifuri ni ileile bila nikotini, anaweza kukutengenezea kwa ladha unayoipenda, na kwake ni kazi rahisi zaidi. Ukitaka kwenda polepole, aanze na 1.5. Kama ataanza kukusukuma urudi kwenye 6, utakuwa umemjua, na hapo utafute mwingine. Usiweke akiba ya zile za 3 nyumbani, zitakuita. Na zungumza naye kabla hajachanganya zako za mwezi ujao, maana nikotini ikishaingia kwenye chupa haitoki tena.